Plastiki za ndani ya gari zimepauka: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kazi yangu ni kufufua ndani ya magari ya zamani hapa Dar es Salaam. Wengi wanaonijia wana Corolla 110, Carina, Mark II GX 100, IST za mwanzo, Noah na Escudo. Injini inapiga vizuri, bodi imeshapigwa rangi, lakini ukifungua mlango unakutana na dashibodi ya kijivujivu kama kisigino kisichopakwa mafuta. Maswali wanayoniuliza hayatofautiani sana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Kwa nini plastiki zinapauka wakati gari lenyewe bado zima?

Kwa sababu ya jua, joto na miaka. Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli. Mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, huikata minyororo hiyo juu juu, kisha oksijeni ya hewani humalizia kazi. Uso uliokuwa laini unakuwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, mwanga ukiupiga unatawanyika, na wewe unaona weupe. Rangi nyeusi haijaenda mbali, iko chini ya huo uso uliochakaa.

Joto nalo lina mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliyaacha magari juani wakati wa kiangazi na kupima. Baada ya saa moja dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69 za Selsiasi na usukani nyuzi 53. Magari yaliyokaa kivulini dashibodi zake zilikuwa nyuzi 48. Tofauti hiyo ya nyuzi 21 imeletwa na kivuli peke yake. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hutupitia utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba.

Kuna jambo wateja wengi huwa hawalijui kuhusu vioo. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Vioo vya milango ni vya tabaka moja, na vinapitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Ndiyo maana utakuta ukingo wa juu wa paneli za milango, pale unapoegemeza kiwiko, umepauka kuliko sehemu nyingine. Dashibodi huumizwa zaidi na joto, na huko ndiko unakotoka ule utando wa mafuta unaojipaka kioo cha mbele kwa ndani: ni vilainishi vya plastiki vinavyotoka kama mvuke na kutua kwenye kioo.

Nitajuaje kama imepauka kweli au ni uchafu tu?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu angepaswa kuuliza, na karibu hakuna anayeliuliza. Watu wakiona weupe wanakimbilia dukani kununua polishi.

Mwaka jana alinijia mama mmoja, mwalimu mstaafu, na Carina aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuwa ameshaambiwa mahali kwamba dashibodi nzima ing'olewe. Nilimwamkia, nikachukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikasugua mahali padogo chini ya usukani, kama ukubwa wa kiganja. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Nikageuza upande mwingine, kikatoka hivyohivyo. Mara ya nne kilitoka safi, na pale kwenye kiganja pakaonekana plastiki nyeusi, haing'ai, ina vinyweleo vyake vya kiwandani, yaani vile vijibonde vidogo kama vya ngozi, kama ilivyotoka Japani.

Akaniuliza, "Fundi, kumbe haijafa?"

Nikamwambia, "Haijafa mama, imefunikwa." Kilichokuwa kimeifunika ni polishi ya miaka mingi iliyochanganyika na vumbi, tabaka juu ya tabaka. Kila Jumamosi ilikuwa inapakwa, haioshwi.

Kwa hiyo fanya jaribio hilo hilo. Chagua mahali pasipoonekana sana, osha vizuri, acha pakauke kabisa, halafu tazama. Pakibaki peusi, shida ilikuwa uchafu. Pakiwa peusi wakati pamelowa na kurudi kijivu pakikauka, uso umechakaa. Kidole kikinata, hilo ni tatizo la aina nyingine kabisa. Na kama plastiki ilikuwa ya kijivu au krimu na sasa ni ya njano, hayo nayo ni mengine. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja inaweza kuiharibu nyingine.

Naosha vipi bila kuharibu?

Andaa ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja kwa lita moja hivi, brashi laini ya kupakia rangi ya upana wa inchi moja, mswaki laini wa zamani, na vitambaa vingi vya maikrofaiba. Vingi kweli, siyo viwili. Kitambaa kikishachafuka ukaendelea nacho, unahamisha uchafu tu.

Anza na vumbi kavu. Fungua milango yote minne, pitisha brashi kavu kwenye matundu ya AC, kwenye mianya ya redio na kuzunguka swichi za vioo, huku mwenzako akifuata nyuma na mashine ya kuvuta vumbi. Ukianza na maji kabla ya vumbi kutoka, unatengeneza tope, na tope la barabara zetu lina mchanga. Mchanga unakwaruza.

Kisha chovya kitambaa, kikamue hadi kisidondoke, na sugua eneo dogo dogo. Usimwage wala kunyunyizia maji moja kwa moja kwenye dashibodi. Nyuma yake kuna nyaya, soketi na redio. Plastiki yenye vinyweleo haisafiki kwa kitambaa peke yake, kwa sababu uchafu umelala ndani ya mabonde. Hapo tumia mswaki, kwa kuzungusha bila kukandamiza, halafu futa mara moja kabla povu halijakauka. Malizia kwa kitambaa chenye maji matupu, kisha kikavu. Sabuni iliyobaki huacha weupe wake, na nimeona watu wakidhani ni plastiki imeharibika tena.

Kama bado kuna utelezi, hiyo ni silikoni ya polishi za zamani. Chukua spiriti ya dukani ya asilimia 70, changanya nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, futa haraka. Jaribu kwanza mafichoni. Isiguse vioo vya mita wala ngozi ya usukani.

Dashibodi na milango minne hunichukua asubuhi nzima. Atakayekuambia ni kazi ya dakika ishirini ana mpango wa kupaka polishi juu ya uchafu.

Nikishaosha nipake nini?

Kama plastiki imerudi nyeusi, unaweza usipake chochote. Kweli kabisa. Plastiki safi ya Toyota ya miaka ya tisini haihitaji kung'aa, haikutoka kiwandani iking'aa.

Kama uso umechakaa kidogo, tafuta kilainishi cha plastiki chenye msingi wa maji, kilichoandikwa kwamba kina kinga ya mionzi ya urujuanimno na kinaacha uso bila mng'ao. Kinakuwa cheupe kama maziwa, siyo cha kuteleza kama mafuta. Weka kidogo kwenye sponji, usiweke kwenye plastiki, paka kwa wembamba, subiri dakika tano, futa kilichobaki. Ukigusa na kidole kinatoka na unyevu, umepaka kingi. Rudia kila baada ya wiki nne hadi sita, na osha kabla ya kurudia.

Zile polishi za kupuliza zinazonukia limau na kufanya dashibodi ing'ae kama kiatu cha sherehe, mimi sizitumii. Zinashika vumbi, na zinaakisi dashibodi kwenye kioo cha mbele. Toka mjini kwa Barabara ya Morogoro saa kumi jioni jua likiwa usoni, uone unavyopigana na kivuli cha dashibodi yako mwenyewe. Na kamwe usipake kitu cha kuteleza kwenye usukani, pedeli au mpini wa gia.

Mafuta ya nazi? Mafuta ya mgando? Ya kupikia?

Yanaonekana kufanya kazi kwa sababu chochote kinacholowesha uso uliochakaa hujaza ile mikwaruzo midogo na kurudisha weusi. Hata maji yanafanya hivyo. Siku mbili baadaye vumbi limeganda juu yake. Mafuta ya kupikia huchacha kwa joto na gari linaanza kunuka kama jiko la chipsi. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na baadhi ya mipira, kama ile ya kwenye fremu za milango, huvimba na kulegea ikikaa nayo muda mrefu. Acha ya nazi ibaki kwenye wali na nywele.

Kijana wa kuosha magari anatumia petroli na inatakata haraka. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Petroli, tina ya kuzimulia rangi na asetoni ya kutolea rangi ya kucha havisafishi plastiki, vinaiyeyusha. Dashibodi na vifuniko vingi ni plastiki aina ya ABS, na ABS huyeyuka kabisa kwenye asetoni. Petroli yenyewe huingia kwenye sehemu zilizobanwa na skrubu, na baada ya wiki kadhaa unakuta nyufa zimeanzia hapo, wala hukumbuki chanzo. Tena ni mvuke unaoshika moto, ndani ya kisanduku kilichofungwa, chenye joto, chenye nyaya na swichi.

Nilipokuwa bado najifunza niliweka tina kwenye pamba nikafuta alama ya gundi kwenye tundu la AC la gari la mteja. Gundi ilitoka. Na vinyweleo vyote vikatoka, pakabaki palaini, panang'aa kama ukucha, ukubwa wa sarafu. Nilinunua tundu lingine kwa pesa yangu. Alama za gundi sasa natoa kwa mafuta kidogo ya kupikia, nayaacha dakika kumi, nakwangua kwa ukucha, halafu naosha kwa sabuni hadi mafuta yote yaishe. Hiyo ndiyo kazi pekee ya mafuta ya kupikia ndani ya gari langu.

Plastiki inanata mkononi kama ulimbo. Nifanyeje?

Kuna aina mbili, na lazima uzitofautishe.

Ya kwanza ni vitufe, vishikio vya milango na vifuniko vilivyopakwa kiwandani utando mwembamba wa kimpira ili viwe laini mkononi. Utando huo mara nyingi ni poliurethani, na adui yake mkubwa ni unyevunyevu: maji ya hewani huuvunjavunja taratibu hadi ugeuke gundi. Kwa hewa ya Dar, hasa magari yanayolala Kigamboni au Msasani karibu na bahari, hauna maisha marefu. Hautengenezeki, unatolewa. Ng'oa kifaa ukiweza, lowesha kitambaa kwa spiriti, sugua. Utatoka kama masizi ya sufuria, vitambaa vitakwisha, vidole vitachoka. Chini yake kuna plastiki ngumu, nzuri, isiyonata. Onyo: kama maandishi na alama za kitufe zimechapwa juu ya utando huo, yataondoka nao. Piga picha kwanza, na kwa vitufe vya AC fikiria mara mbili.

Ya pili ni dashibodi yenyewe, ile yenye ngozi laini ya plastiki juu ya sponji, inapoanza kutoa ute na kung'aa yenyewe. Hapo ni ngozi nzima inayovunjika kwa joto. Hata Toyota huko Marekani iliwahi kuendesha mpango wa kubadilishia wateja dashibodi za namna hiyo. Kuosha kwa sabuni kunatuliza kwa siku chache tu, inarudi. Usipake polishi, unaiongezea. Suluhisho ni kubadilisha, au kufunika.

Plastiki za krimu zimekuwa njano. Zinarudi?

Nyingi zinarudi, hasa zile ngumu za ABS kama vifuniko vya nguzo za milango na kisanduku cha taa ya darini. Na hapa jua letu linageuka kuwa msaidizi.

Dawa ni peroksaidi ya krimu, ile wanayotumia saluni kupunguza rangi ya nywele. Chukua ya asilimia 12; kwenye chupa nyingi huandikwa namba 40. Vaa glovu na miwani, maana inaunguza ngozi na ni hatari machoni. Ng'oa kifaa, kioshe, kikaushe, kipake krimu kila mahali kwa unene ulio sawa, kisha kizungushie nailoni nyembamba ya kufungia chakula ili krimu isikauke. Kianike juani kuanzia saa tatu asubuhi. Kila baada ya nusu saa kigeuze na upapase nailoni ili krimu isambae. Ikikauka sehemu moja, inaacha mabaka meupe ambayo hayatoki. Mimi huangalia baada ya saa mbili. Mara nyingi saa nne zinatosha. Osha kwa maji mengi.

Unjano unaweza kurudi baada ya miaka, kwa sababu kilichoondoka ni rangi na siyo uzee wa plastiki. Usijaribu kwenye vifaa vilivyopigwa rangi wala kwenye ngozi laini ya dashibodi.

Nimeona watu wanapitisha moto au draya ya joto na weusi unarudi.

Wanafanya hivyo kwenye bampa na plastiki za nje. Ndani usijaribu. Vinyweleo huyeyuka kabla hujaona weusi, na nyuma ya paneli kuna gundi, sponji na nyaya.

Je, inapigika rangi?

Inapigika, na ikipigwa vizuri inakaa miaka. Ikipigwa vibaya inabanduka kama ganda la kitunguu mwezi wa pili. Kinachotofautisha ni maandalizi, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Kwanza jua ni plastiki gani. Geuza kifaa, tazama mgongoni, utaona herufi zilizochapwa kati ya vimshale viwili: >ABS<, >PP<, au mchanganyiko. ABS hushika rangi bila shida. PP, yaani polipropilini, haishiki kitu. Uso wake ni kama nta. Kama herufi hazionekani, kata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka ukingo usioonekana, kitie kwenye glasi ya maji. Kikielea ni PP. Kikizama hakuna uhakika, kwani PP nyingine huchanganywa na unga wa mawe na kuzama. PP inahitaji praima maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Bila hiyo usianze.

Pili, ng'oa kifaa. Kupuliza rangi ndani ya gari na magazeti yamebandikwa kwenye siti ni kazi ya haraka, na inaonekana ni ya haraka. Tumia kifaa cha plastiki cha kubandulia badala ya bisibisi ya chuma, na ng'oa gari likiwa na joto kidogo, siyo alfajiri baada ya mvua, kwa sababu klipu za miaka ishirini na tano zikiwa baridi hukatika kama biskuti. Kila skrubu weka kwenye kopo lenye jina la sehemu yake.

Hapa nasimama kidogo. Kama unagusa usukani au upande wa abiria wa dashibodi, tafuta herufi SRS. Hapo chini kuna mfuko wa hewa wa usalama, ambao hufyatuka kwa nguvu ya mlipuko. Toa waya hasi wa betri na usubiri. Toyota wanaelekeza angalau sekunde 90, mimi nasubiri dakika tano. Kifuniko cha mfuko huo usikipige rangi, usikibandike, usikishone. Kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu. Kioshe tu. Kama kimepasuka, tafuta kingine.

Tatu, osha mara mbili kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti. Silikoni ikibaki hata chembe, rangi inajikusanya na kuacha vitobo vya mviringo, na hapo inabidi ufute vyote uanze upya. Usipige msasa plastiki yenye vinyweleo. Ukifuta vinyweleo huvirudishi. Sponji ya kusugulia ya kijivu, kwa wepesi, inatosha.

Nne, rangi. Tafuta ya kupuliza ya plastiki au ya ngozi bandia, isiyong'aa. Puliza kwa umbali wa sentimita 25 hivi, tabaka nyembamba sana, la kwanza liwe kama ukungu tu, uone plastiki kwa chini. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Tabaka tatu au nne nyembamba zinapita tabaka moja nene, ambalo linajaza vinyweleo na kuchuruzika. Acha saa 24 kabla ya kurudisha.

Na msimu una maana. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa imelowa na rangi hupata ukungu mweupe ikikauka. Mimi kazi za rangi napenda kuzipanga Juni hadi Agosti, asubuhi, kabla upepo wa kusi haujaanza kuinua vumbi.

Dashibodi ina nyufa. Zinazibika?

Ufa mdogo kwenye plastiki ngumu ya ABS unazibika kwa uji wa ABS: vunja vipande vya plastiki ileile, vitie kwenye chupa ya glasi na asetoni kidogo, acha usiku mzima, utapata uji wa kupaka kwa nyuma ya ufa. Ni gundi bora kuliko supaglu kwa sababu inakuwa plastiki moja. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, mbali na moto.

Dashibodi yenye ngozi laini iliyopasuka na kufunguka mdomo ni habari nyingine. Ukijaza, ngozi inavuta tena kwa joto na ufa unafunguka pembeni. Kwa hiyo huwa namwambia mteja aifunike au abadilishe.

Kufunika kwa zulia la manyoya, kama teksi na daladala nyingi?

Siyo vibaya, ilimradi kifuniko kimekatwa kufuata umbo la gari lako na hakizibi kifuniko cha mfuko wa hewa wala matundu ya kioo cha mbele. Kinazuia joto vizuri. Kitoe kila mwezi ukikung'ute. Nimekuta chini ya baadhi yake ukoga wa maji ya AC na mende.

Kioo cha mita kimefifia, siioni spidi vizuri.

Ni akriliki au polikaboneti. Spiriti huipasua akriliki nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na dawa za vioo zenye amonia huharibu polikaboneti. Tumia polishi ya plastiki angavu na kitambaa laini, mizunguko midogo. Dawa ya meno nyeupe isiyo ya jeli inasaidia kwa mikwaruzo myepesi.

Na zile paneli za mfano wa mbao?

Juu yake kuna vanishi. Zikipauka, mara nyingi ni vanishi iliyokwaruzika, na polishi laini ya bodi ya gari inazirudisha. Vanishi ikishapasuka, ng'oa uzipige upya au tafuta nyingine.

Si bora ninunue ya mtumba nimalize?

Kwa vitu vidogo, ndiyo. Tundu la AC, kishikio cha mlango, droo ya mbele: zunguka Gerezani pale Kariakoo au Ilala, unaweza kukipata asubuhi moja. Nenda na kile cha zamani mkononi, siyo picha ya simu, maana Corolla mbili za mwaka tofauti zinaweza kupishana klipu moja na kisikae. Kitazame juani, siyo chini ya turubai la duka. Kisugue kwa kidole chenye mate upande wa nyuma na wa mbele ulinganishe rangi. Wauzaji wengine hupaka mafuta ya kulainisha asubuhi ili kionekane kipya.

Dashibodi nzima ni uamuzi mzito. Kuitoa kunamaanisha kufungua usukani, mfumo wa AC na nyaya zote, na gari linaweza kurudi na taa za onyo na kelele ambazo halikuwa nazo. Ukiwa na dashibodi ya asili iliyopauka lakini haijapasuka, mimi nitakuomba uiache mahali pake tuifanyie kazi hapohapo.

Nizuieje isipauke tena?

Kivuli. Kwenye maegesho ya kazini, hesabu kivuli kitakuwa wapi saa nane mchana, siyo saa mbili asubuhi unapofika. Kivuli cha ukuta ni kizuri. Cha mwembe ni kizuri pia, ukikubali utomvu na kinyesi cha ndege kwenye bodi. Kikinga jua cha kioo cha mbele, hata cha boksi ulilokata mwenyewe na kubandika karatasi ya kung'aa, kiweke kila unaposhuka. Geuza gari siku nyingine, leo pua mashariki, kesho magharibi, ili upande mmoja usiungue peke yake. Acha vioo nafasi ya kidole kama pana ulinzi.

Nina Jumamosi moja tu na pesa kidogo. Nianzie wapi?

Mlango wa dereva. Ndio unaoguswa zaidi, na ni mdogo. Osha ukingo wa juu, kishikio, swichi, mfuko wa chini. Ukimaliza kaa kwenye siti, funga mlango, linganisha na ule wa abiria. Yule mama mwalimu alianza hivyo, akaondoka na mlango mmoja safi na mitatu michafu. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa ameshaegesha nje ya geti langu, na ndoo yake mwenyewe kwenye buti.